Jinsi ya kupeleka meseji za simu kortini bila kuaibika

Nina cyber ndogo pale Kondele, hapa Kisumu, kompyuta nne na printa mbili moja ikiwa mgonjwa, na kitu kimebadilika sana ni kile watu wanakuja kuprinti. Zamani ilikuwa CV na fomu za shule. Siku hizi Jumatatu asubuhi nafungua mlango nakuta mtu ameshasimama na simu mkononi ananiambia nitolee hizi meseji zote haraka, nataka kuwa kotini saa tatu. Na hiyo ni saa mbili na robo, na simu iko na chaji asilimia sita.

Naandika hii kwa sababu nimechoka kurudia maneno yale yale kila asubuhi. Mimi si wakili, tusidanganyane, lakini hizi karatasi nimeziprinti nyingi, nimekaa na watu wakirudi wamenuna kwa sababu makaratasi yao yalipingwa, na hiyo sheria yenyewe nimeisoma maana iko bure kabisa kwa tovuti ya Kenya Law. Kama kesi yako ni ya jinai ama shamba ama pesa nyingi, tafuta wakili leo. Hii ni ya yule mtu wa deni la samaki, deni la mbao, fundi aliyekula diposi akazima simu.

Acha nianze na mama wa samaki. Huyu mama anachukua samaki kwa ufuo wa Dunga asubuhi anasambazia mahoteli, na jamaa mmoja wa hoteli alikuwa amekopa kidogo kidogo mpaka ikafika 84,000, kila wiki ni nitatuma Ijumaa mama, nitatuma Ijumaa. Akaniletea simu, tukaingia kwa WhatsApp tukahamisha mazungumzo yote yakaenda kwa barua pepe, nikafungua, nikaprinti. Karatasi ya kwanza ikatoka hivi: "Mwizi: Mama habari ya asubuhi. Mwizi: Leo niletee kilo 20. Mwizi: Barikiwa." Kurasa 31, Mwizi juu, Mwizi katikati, Mwizi chini. Hilo ndilo jina alikuwa amemsevu nalo kwa simu, na WhatsApp ikihamisha mazungumzo inaandika jina vile wewe ulivyoliandika. Nikamwangalia, akaniangalia, tukacheka mpaka machozi, halafu nikamwambia mama, hii hatupeleki mbele ya Mheshimiwa hakimu.

Shida hapo si matusi. Shida ni kwamba hizo kurasa zote hazionyeshi mahali popote huyo Mwizi ni nani. Jamaa anaweza kusimama aseme mimi siitwi Mwizi, hiyo ni simu ya mtu mwingine, na atakuwa amesema ukweli. Korti inataka kuona nambari. Kwa hivyo kabla ya kuprinti chochote, ama utoe lile jina kwa orodha ya watu wako ndio nambari yenyewe ijitokeze (mazungumzo hayapotei, usiogope), ama uliache lakini ufungue ile sehemu inaonyesha jina na nambari pamoja, uipige skrinshoti na uiweke mbele kama ukurasa wa kwanza. Sisi tulitoa jina tukahamisha upya. Na lile jina la zamani mama hakulificha, aliambiwa akiulizwa aseme tu.

Sasa sheria inasemaje. Sheria yetu ya Ushahidi iliandikwa wakati ushahidi ulikuwa karatasi, risiti ya duka, barua yenye muhuri. Mwaka 2009 ndio mabadiliko yalianza kutumika yakaingiza kifungu 106B, ambacho kinakubali rekodi za kielektroniki sawa na hati ya karatasi, lakini kwa masharti. Halafu 2014 kikaongezwa 78A, kinasema meseji na vitu vya dijitali vinaweza kupokelewa kama ushahidi, ila korti ikivipima uzito itaangalia vilitengenezwaje, vilihifadhiwaje, na mwenye kuvituma alijulikanaje. Watu wengi wanasikia hiyo sehemu ya "vinapokelewa" wanakimbia nayo, wanasahau yale masharti.

Na usidhani ni maneno ya Nairobi. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ilitoa uamuzi kwa kesi iliyohusu bunge la kaunti yetu hii hii ya Kisumu, na majaji wakasema masharti ya 106B ni ya lazima, si mapambo, kwa sababu kila mtu anajua rekodi ya kielektroniki inaweza kuchezewa. Ukisoma hiyo utaelewa kwa nini wakili wa upande ule mwingine akiona skrinshoti zako anauliza swali moja tu: cheti kiko wapi? Cheti nitakuja kwake, ngoja kwanza tushughulikie simu.

Simu yenyewe ndio ushahidi. Karatasi ni picha yake tu. Na hapa ndipo watu wanajimaliza wenyewe kabla hata adui hajafika. WhatsApp tangu 2016 imefunga mazungumzo kwa njia ambayo hata wao wenyewe hawawezi kuyasoma, kwa hivyo usikae ukidhani iko ofisi mahali utaenda kuomba nakala ya chati zako. Ziko kwa simu yako, ziko kwa simu yake, na kwa bakapu kama uliiwasha. Basi.

Mimi mwenyewe nilichomeka. Niliuza kompyuta mbili za mtumba kwa mtu, tukakubaliana kila kitu kwa WhatsApp, bei, tarehe ya kulipa, hata akanitumia picha amezifunga ofisini kwake akisema asante ziko sawa. Wiki mbili baadaye simu yangu ikapotea kwa matatu kati ya Kondele na stendi, na bakapu nilikuwa nimeizima kwa sababu ilikuwa inamaliza bando. Nilibaki na skrinshoti tatu nilizokuwa nimemtumia ndugu yangu nikijigamba nimeuza. Moja imekatwa juu, moja haina tarehe, na ile ya tatu ni picha ya kompyuta. Tulienda kwa mzee wa mtaa nikapewa nusu, na hiyo nusu ilikuja kwa awamu nne. Mtu anafanya kazi ya kompyuta! Aibu hiyo ndiyo inanifanya nipige kelele.

Kwa hivyo siku ile unaona tu mtu ameanza kukuzungusha, fanya hivi. Washa bakapu. Angalia kama ile ya meseji kujifuta zenyewe imewashwa, maana iko ya saa 24, ya siku 7 na ya siku 90, na mwenzako anaweza kuwa aliiwasha zamani ukadhani ni mchezo, izime. Usifute meseji hata moja, hata ile ulimtusi. Hasa ile ulimtusi, kwa sababu yeye anayo, na akiitoa yeye huku yako haina, sasa wewe ndiye unaonekana umechezea ushahidi. Usiuze simu, usimpe fundi akuflashie, na laini usiiache ikae mpaka ifungwe. Kama kioo kimepasuka bora inawaka iache hivyo hivyo.

Skrinshoti nazo zina adabu yake. Usikate. Narudia, usikate, ile kazi ya kukata juu na chini ibaki nzuri ya kuweka kwa stetasi ndiyo inaua kesi. Nambari ionekane, tarehe ionekane, na kila picha ianze na mstari wa mwisho wa ile iliyotangulia ndio msomaji aone hakuna kitu kimerukwa. Bonyeza nambari ya simu kwa chati ionekane kamili. Kama mazungumzo ni marefu, hamisha yote kwa barua pepe kama maandishi, halafu zile sehemu zenye moto ndio uzipigie skrinshoti juu yake, hivyo viwili vinashikana. Usinipe zile sehemu zako nzuri pekee. Kuna kijana alikuja na kurasa mbili safi sana, mwenzake akaleta kurasa kumi na moja, na kwa ile ya saba kijana mwenyewe anasema "sawa basi tusahau hiyo deni". Alikuwa amesahau kweli kuwa alisema asahau.

Tukija kwa Mpesa. Watu wananipa ile meseji ya Mpesa niprinti, na ni sawa, iko na ile code ya herufi na namba, jumla kumi, iko na jina, iko na saa. Lakini meseji mtu anaweza kuandika mwenyewe, na korti zinajua. Kitu kigumu zaidi kupinga ni stetimenti. Piga *334#, ingia kwa akaunti yako, omba stetimenti ya kipindi unachotaka, itakuja kwa barua pepe kama PDF iliyofungwa, na namba ya siri ya kuifungua itakuja kwa simu. Printi hiyo nzima, usiprinti ukurasa mmoja tu ulio na mstari wako, halafu zungushia mstari wenyewe kwa kalamu kwa nakala yako wewe, ile ya korti iache safi.

Lakini sikiliza, na hapa ndipo nataka ukae chini. Mpesa inaonyesha pesa ilitoka kwako ikaenda kwake. Haionyeshi ilikuwa ya nini. Umemkopesha mtu 60,000, anakuja kotini anasema hiyo alikuwa ananirudishia pesa yangu ya mwaka jana, ama ilikuwa zawadi, tulikuwa tunapendana. Sasa wewe na stetimenti yako mnaangaliana. Dawa yake ni ya bure kabisa, kila ukituma pesa fuatisha meseji hapo hapo: "Nimekutumia 60,000 leo, ni ule mkopo tumeongea, unarudisha tarehe 30." Na yeye akijibu hata "sawa" peke yake, umemaliza. Kama ulishatuma bila kuandika, bado unaweza kuandika leo kwa upole, "habari, ile 60,000 niliyokukopesha mwezi wa tatu umefikia wapi", bila matusi bila vitisho, na ukiona jibu linasema nivumilie kidogo, hilo jibu lina thamani kuliko stetimenti. Mama wa samaki hilo alilifanya bila kujua, kila Ijumaa alikuwa anaandika jumla ya deni, na jamaa alikuwa anajibu na ile emoji, kale kamkono ka kuomba. Kale kamkono kalikuja kumsumbua sana baadaye.

Voisi nazo. Huku kwetu watu hawaandiki, wanaongea, na wanaongea Kijaluo. Kwanza usifowadi ile voisi kwa watu kumi ndio "ihifadhike", weka faili lenyewe kutoka kwa simu mpaka kwa flashi, na ile ya kwenye simu iache mahali pake. Video ni mbaya zaidi, ukiituma kwa WhatsApp inafinywa na zile habari zake za ndani kama saa ilipochukuliwa zinapotea. Halafu andika kwa karatasi kila neno lililosemwa, na saa yake, na kama ni Kijaluo ama Kiluhya weka tafsiri pembeni. Korti za chini lugha ni Kiingereza na Kiswahili, Mahakama Kuu na ile ya Rufaa ni Kiingereza, kwa hivyo ukipeleka Kijaluo kitupu unampa Mheshimiwa kazi si yake. Tafsiri ifanywe na mtu anaweza kuitwa asimame aseme mimi ndiye nilitafsiri, si mtoto wa jirani. Na sheng pia ni lugha ya kutafsiri, kuna mtu aliandika deni kwa sheng na hakuna mtu kwa kile chumba alikubaliana na mwingine ni pesa ngapi.

Haya, cheti. Watu wanaogopa neno lenyewe wanadhani ni kitu cha kununua ofisi fulani yenye muhuri wa serikali. Hapana. Ni maandishi ambayo mtu aliyehusika na hicho kifaa anaandika na kuweka sahihi, anaeleza rekodi ni gani, ilitolewa vipi, kwa vifaa gani, na kwamba vifaa vilikuwa vinafanya kazi vizuri. Mawakili wengine wanakiweka ndani ya hati ya kiapo, wengine wanakiacha peke yake, mimi huwa nasikia mabishano yao hapo nje nanyamaza. Cha huyu mama kilikaa hivi, nambari nimezitoa:

"Mimi ndiye mwenye simu aina ya Tecno yenye laini nambari fulani, ambayo nimeitumia mwenyewe kila siku tangu 2021 kuongea na wateja wangu wa samaki. Mazungumzo ya WhatsApp kati yangu na nambari fulani, kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii, yako ndani ya simu hiyo. Niliyahamisha mwenyewe kwenda kwa barua pepe yangu, nikayafungua kwa kompyuta ya cyber iliyo Kondele na yakaprintiwa hapo kwa printa aina ya HP, kurasa 31. Wakati huo wote simu, kompyuta na printa zilikuwa zinafanya kazi vizuri. Hakuna neno lililoongezwa wala kutolewa. Simu ninayo na niko tayari kuileta kotini."

Jina, kitambulisho, sahihi, tarehe. Umeona hakuna Kiingereza cha kuogopesha hapo. Jambo moja tu, asiweke sahihi mtu ambaye hakushika simu. Nimeona mtu anataka mimi mwenye cyber ndio niweke sahihi kwa sababu "wewe unajua kompyuta", nikakataa, mimi najua printa yangu tu, simu yako ililala wapi jana sijui. Ukitaka niandike kwamba niliprinti kurasa 31 siku fulani, hiyo nitaandika. Na kama vitu vimepitia mikono mitatu, umepiga picha wewe, ukamtumia dadako, dadako akaprinti Nakuru, basi eleza mikono yote mitatu, ama heri urudi uprinti upya kutoka kwa simu ya kwanza.

Ukishapanga hivyo unapeleka wapi? Kwa deni la kawaida mpaka milioni moja kuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, korti ya kwanza ilifunguliwa Milimani Nairobi 2021, halafu ikasambaa miji mingine, Nakuru na Kisumu zikiwemo. Uzuri wake unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu ufaili. Pia haifungwi kabisa na zile kanuni kali za ushahidi, na najua kuna mtu amesoma hapo akasema kumbe basi cheti cha nini. Andika tu. Ni nusu saa ya maisha yako, na kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu kutoka huko ni kwa hoja za kisheria peke yake, kwa hivyo ukiharibu mambo ya ukweli huko chini hakuna mtu wa kukutengenezea juu. Na usikalie deni, la makubaliano linakufa baada ya miaka 6.

Kabla ya kufaili mtumie barua ya kudai, muda maalum, kiasi maalum. Hiyo unaweza kutuma WhatsApp na zile tiki mbili uzipige skrinshoti. Halafu kuna kitu wengi hawajui, tangu 2020 kanuni za kesi za madai zilibadilishwa na sasa hata samansi, ule wito wa korti, inaweza kutumwa kwa barua pepe ama kwa meseji za simu kama WhatsApp, kwa nambari ya mwisho inayojulikana mtu anatumia. Lakini hiyo inatumwa na mtu aliyeidhinishwa kupeleka samansi, na lazima aape na aambatanishe ushahidi kwamba ilifika. Si wewe umtumie usiku wa manane na emoji ya pingu.

Kufaili kwenyewe ni mtandaoni. Ilianza Nairobi Julai 2020 wakati wa korona na ikafika nchi nzima Machi 2024. Unahitaji barua pepe ambayo unakumbuka neno lake la siri (hii peke yake inachukua asubuhi yote na wateja wangu wengine), kitambulisho, na pesa ya kulipia kwa simu. Skani kila kitu kiwe PDF moja iliyonyooka, kurasa zikiwa na nambari kwa kalamu, kwanza maelezo ya dai, halafu cheti, halafu ukurasa wa nambari ya simu, halafu chati, halafu stetimenti. Picha zilizopigwa kwa simu zikilala upande usitume, Mheshimiwa hatageuza shingo kwa ajili yako.

Siku ya kusikizwa unaweza kupata linki badala ya kwenda kimwili, na siku hizo kona yangu ya nyuma inakuwa korti. Mzee mmoja wa Nyalenda tulimweka hapo na hedifoni, Mheshimiwa alipoingia mzee akasimama kwa heshima zake zote, kwa hivyo kila mtu kwa skrini aliona tumbo na vifungo vya koti kwa muda mrefu kabla sijamvuta mkono. Kaa. Mwangaza uwe mbele yako si nyuma, andika jina lako halisi si "Samsung A12", zima maiki mpaka uitwe, na usiingie ukiwa kwa bodaboda, nimeona. Weka bando ya kutosha na nambari ya simu ya masijala ya korti karibu, ya kupiga netiweki ikikata. Na ile simu yenye ushahidi isiwe ndiyo unayotumia kuingia kwa kikao, kwa sababu utaambiwa hebu tuonyeshe meseji ya tarehe 14, na hapo unafanya nini?

Kuna mambo mawili nakataa kufanya kwangu, uje na pesa ngapi. La kwanza ni kufungua simu ya mtu mwingine. Mama ameleta simu ya bwana akiwa amelala, kijana ameleta ya bosi. Kuingia kwa simu ama akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, faini mpaka milioni 5 ama jela mpaka miaka 3 ama vyote, na hata ukipata ulichotafuta, Katiba ibara ya 50 inaruhusu korti kuutupa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu. Unaenda kudai 40,000 unarudi na kesi yako mwenyewe. Kama unajua kuna rekodi kwa kampuni ya simu ama benki, korti inaweza kuamuru zitolewe, omba hivyo.

La pili ni kuandikiwa kesi na zile programu za akili bandia halafu unakuja niprinti tu. Zikusaidie kupanga sentensi sawa, lakini zinatunga. New York mwaka 2023 mawakili wawili walipeleka kortini kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, walizitoa kwa ChatGPT, jaji akawapiga wao na ofisi yao faini ya dola 5,000. Hao ni mawakili, wewe wa deni la samaki utasema nini? Kila kesi unayotaja itafute kwa Kenya Law, usipoiona usiitaje.

Basi mama alifaili. Siku chache baada ya samansi kutumwa, mchana hivi, akaingia jamaa kwa cyber, shati safi, ana haraka, anataka kuprinti mazungumzo ya WhatsApp ya kupeleka kortini, majibu yake. Sikumjua kwa sura. Akaniuliza kama kuna namna ya kutoa vile vimikono vya kuomba vilivyo hapo katikati, nikamwambia ukurasa ni shilingi 10 na mimi naprinti vile ilivyo. Akafikiri kidogo, akasema haya. Nikafungua faili, printa ikaanza kuguguna, karatasi ya kwanza ikatoka na mimi ndiye niliyeishika: "Mama Samaki Usipokee: Leo deni imefika 84,000."